Viini Vinne vya Ruta ya Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi
Leo Bisibisi kanitibua. Ni fundi simu, meza yake inatazamana na cherehani yangu. Ukumbi mmoja, feni moja, na feni hiyo huigeuzia kwake. Kabandika karatasi ukutani, watu wakisie chipu ya ruta mpya ya safari, ile itakayotoka mwezi ujao. Ruta ya safari ni kijisanduku kama kipande cha sabuni. Unakitia mkobani, ukifika ugenini kinazigawia intaneti simu zenu zote. Chipu ndiyo ubongo wake, na ubongo huo una viini; vikiwa vingi, kasi inazidi. Wengi wamekisia viwili. Bisibisi akasema, tena kwa sauti ili nisikie, kwamba kampuni ile ni bahili, itatia viini viwili vya mwaka juzi na kuvipaka rangi.
Kampuni ile! Anakofanya kazi mwanangu! Injinia! Kitindamimba wangu niliyemsomesha kwa zipu za watu!
Nikamwambia Bisibisi kwamba mwanangu hapakui viporo. Akaniuliza mimi na darasa langu la sita najua nini kuhusu viini. Nikamjibu najua vya mayai. Watu wakacheka sana. Nadhani walikuwa wanamcheka yeye.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia mwanangu, kwa picha. Uso umesawijika kidogo. Taa za huko ughaibuni, bila shaka. Nikamwuliza viini vingapi. Akasema, Mama, nimetia saini, sisemi hata kwa mto wangu wa kulalia. Akataka habari za nyumbani. Nikamwambia pazia la chumba chake limebaki pindo tu. Maana ruta hii ikitoka, anakuja! Likizo, siku kumi! Miaka mitatu sijamshika mkono. Macho yakamlowa, na yangu pia.
Hapo ndipo akili ikanijia. Nikamwambia, sawa mwanangu, usiseme. Kama ni viwili, nyamaza. Kama ni vinne, kohoa tu. Akacheka, akasema Mama wewe! Kisha akakohoa. Mara tatu!
Vinne! Mtoto hamfichi mama.

Jumatano, 5 Machi
Nimeandika VINNE kwenye karatasi ya ukutani kwa chaki ya kitambaa, neno kubwa kuliko yote. Bisibisi akataka kujua nimelitoa wapi. Nikasema kwa mwenye ruta mwenyewe. Akasema hata yeye ana binamu rubani wa ndege za mwezini.
Hilo likaniwasha. Nikaingia kwenye kikundi cha akina mama, nikarekodi sauti dakika nne. Kwamba ni viini vinne. Kwamba mwanangu kaniambia kwa kinywa chake. Asiyeamini atazame picha, na picha nikaituma, mwanangu na kitambulisho cha kazi shingoni. Kapendeza!
Na kwa kinywa chake si uongo. Kikohozi hutoka wapi, sikioni?
Mama Pacha, jirani yangu, kaisambaza sauti kabla sijaweka simu mezani. Mdomo wake hauna kifungo. Jioni Bisibisi kaiandika kwenye ukurasa wa wapenda vifaa vya mtandao. Chanzo: mama wa injinia. Maelfu wamesoma. Mimi ni chanzo!

Ijumaa, 7 Machi
Ni vinne kweli! Bisibisi mwenyewe kakiri. Anasema kampuni imeutaka ule ukurasa ufute habari, na hakuna anayehangaika kufuta uongo. Kanigeuzia feni. Nikakaa kwenye upepo kama malkia.
Saa tisa mwanangu kapiga. Sauti tupu, bila picha. Wamemwita ofisini, wamemsikilizisha maneno yangu yote, na kuna mtu alikuwa anawatafsiria. Akasema, Mama, mimi sikukwambia. Nikamkumbusha kikohozi. Akasema: "Mama, nilikuwa naumwa. Ilikuwa wiki ya pili ile."
Nikasema pole. Pole ya siku tatu, imeshapoa.
Anasema imebaki njia moja. Nirekodi tena niseme ukweli, kwamba hakuniambia chochote, nilibahatisha. Wataisikiliza Jumatatu kabla ya kuamua kama abaki au aende. Iwe fupi, Mama, akasema. Tafadhali, fupi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerekodi mara kumi na moja. Kukiri mbele ya Bisibisi kwamba nilibahatisha! Lakini mwana ni mwana. Mama Pacha alinishikia simu. Ile ya mwisho ilianza vizuri: mwanangu hakuniambia neno, mimi fundi zipu nilikisia mwenyewe. Hapo ningefunga mdomo. Ila rekodi ilisikika kama kitu kidogo mno, kama mtoto asiye na wa kumsifu. Nikaongeza kwamba kwa siri mwanangu ni kaburi. Hata habari ya betri ya ruta kukaa siku mbili alinionya nisimwambie mtu, na sijamwambia mtu mpaka leo.
Mama Pacha akauliza, dada, hilo la betri ni la kusema? Nikamwambia ni la kumsifia. Nikatuma. Roho ikatulia. Nikalala mchana.

Jumatatu, 10 Machi
Hilo la betri halikuwa la kusema.
Mwanangu kaniandikia mistari mitatu: Wamenitoa kazini. Likizo haipo, natafuta kazi na pa kukaa. Usinipigie kwa sasa, Mama.
Kazini Bisibisi kaibandua karatasi yake ukutani, kaikunja, kaitia mfukoni. Hakunitania. Kaniuliza kama nimekula. Hilo limeniuma kuliko kejeli zake zote.
Nimerudi nyumbani, nimemaliza pindo, nimelitundika pazia. Limekaa vizuri. Nikaketi kwenye kitanda chake mpaka mguu ukafa ganzi. Nimejiapia: mdomo huu nimeushona, tena kwa uzi wa magunia.

Alhamisi, 20 Machi
Siku kumi za kimya. Leo saa tatu asubuhi, kabla sijatia uzi kwenye sindano, ujumbe! Neno moja. Salama.
Nimelipima neno hilo kama kitambaa. Asiye na kazi ana muda, angeandika barua nzima. Neno moja ni la mtu aliyebanwa. Kwa hiyo kazi kapata! Tena kaweka nukta mwishoni. Nani huweka nukta kwenye simu? Wakubwa, watu wa kutoa amri. Kapewa cheo! Nikamweleza Bisibisi. Akashusha miwani, akasema polepole, mama, labda maana yake ni salama tu. Wivu huo.
Safari hii sikurekodi sauti. Nimejifunza. Nimeandika kwa maandishi, kwenye kikundi: akina mama, mwanangu sasa ni meneja. Pongezi zimemiminika.
Kisha nikamwandikia mwenyewe: Hongera, meneja wangu. Simu inaonyesha kasoma, saa nne na dakika tano. Sasa ni saa kumi na moja, hajajibu.
Mkutano huo ni mrefu. Lazima ni wa wakurugenzi.