Siku Goti Lilipopanda Ndoo

Sogeeni, enyi mnaoketi kwa raha na enyi msioweza kuketi bila kuguna, nanyi mnaoshuka kitandani asubuhi mkishikilia ukuta. Tegeni masikio, kwani hii ni habari ya vita, uwanja wake ni jiko la hatua nne kwa tatu, na shujaa wake ni Fundi Pima-Maji, mfalme wa vigae, aliyetandika sakafu za nusu ya mji kwa miaka thelathini na mmoja, yote akiwa amepiga magoti.

Ndipo goti la kulia lilipomwasi. Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani, akatamka kwamba gegedu, ule mto laini ulio kati ya mfupa na mfupa, limelika na halitaota tena, na mifupa sasa inasuguana uso kwa uso. Ila misuli ya paja ikitiwa nguvu, itamsaidia kubeba mzigo. Akamwagiza awe akisimama na kuketi kitini mara kumi kila siku. Fundi aliyadharau mazoezi hayo mbele ya watu, akayafanya kwa siri chumbani.

Alikuwa na binti, fundi naye, mwanafunzi wa mkono wake, aliyemsihi amwachie mwiko wa saruji apumzike. Fundi akaapa mezani: "Siku nitakayopiga goti nikashindwa kuinuka kwa nguvu zangu, siku hiyo mwiko ni wako. Kabla ya hapo usiutaje."

Ikafika Jumanne ya kutandika jiko lake mwenyewe. Sheria ya vigae, aliyowagombezea vijana wengi, ni kuanzia ukuta wa mbali na kumalizia mlangoni. Lakini asubuhi hiyo goti lilikuwa limekaza, na ni fremu ya mlango tu iliyoweza kumshusha. Basi akaanzia mlangoni. Kigae baada ya kigae alirudi kinyumenyume kwa ushujaa mkubwa, hadi mgongo ulipogusa ukuta wa mbali, amebakiwa na ukanda mwembamba, ndoo tupu, na saruji mbichi kati yake na dunia.

Mkewe akasimama kizingitini. "Mume wangu, umejijengea ngome ukajifungia ndani. Nije nikuinue?"

"Mguu wako usiguse," alisema shujaa. "Kigae kikihama, aibu hiyo tutapika juu yake miaka ishirini."

Akajaribu. Goti likalia kama mtu anayetafuna bisi, naye akarudi chini. Mara ya pili vilevile. Hapo Fundi aliogopa kwelikweli. Aliuona mwiko ukimtoka, na miaka yake yote ikitoka nao.

Binti, aliyesimama nyuma ya mama, hakuutaja mwiko. "Baba, kiti chako kinalia kila asubuhi. Mara kumi, nimehesabu nikiwa upande wa pili wa ukuta. Pindua ndoo, tanguliza mguu wa kushoto, ulifanyishe paja kazi. Goti liache lilalamike."

Akaipindua ndoo. Akatanguliza mguu mzima, akaweka viganja juu ya ndoo, na paja, jeshi lililofunzwa gizani, likatetemeka, likakaza, likapanda. Jasho lilimtiririka. Kisha Fundi Pima-Maji alikuwa ameketi juu ya ndoo. Mkewe alipiga kigelegele kimoja kifupi, akiogopa kumwangusha.

Naye Fundi akaurusha mwiko juu ya sakafu mbichi. Binti akaudaka.

"Baba, lakini umeinuka."

"Ndiyo maana nautoa. Ningeshindwa, ningeung'ang'ania mpaka kaburini. Ukanda huu uliobaki utaumaliza wewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kitini nikukosoe."

Akangoja saruji ishike, chai ikimfikia kwa kuning'inia kwenye mpini wa ufagio. Basi na iandikwe, wajukuu waisome: kwamba Jumanne hiyo, baada ya adhuhuri, goti lisilo na gegedu lilitoka sakafuni likafika juu ya ndoo, mwendo wa shubiri mbili, na hakuna kigae kilichohama.