Gobore la Shemeji Elwood na Pindo la Shati

Katika bonde letu hili la Pennsylvania, fundi mkuu wa bunduki ni shemeji yangu, Elwood Kistler. Najua kwa sababu yeye mwenyewe alitangaza dukani, kanisani na kwa kinyozi. Kabla ya hapo hakuwa ametengeneza hata mtego wa panya!

Bunduki yenyewe ilikuja kwa posta, vipande vipande, ndani ya boksi refu. Lilikuwa gobore la gumegume, la kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, kama yale ya mababu. Baada ya Krismasi tuna msimu wa kulungu ambao bunduki nyingine hairuhusiwi. Mtutu ulikuwa tayari. Kitako kilikwisha chongwa. Skrubu zilikuwa vifukoni. Kazi iliyobaki ilihitaji msasa na subira. Elwood alikuwa na msasa.

"Shemeji," alisema, akilitua boksi juu ya meza yangu ya kulia chakula, "Arlene hataki vumbi nyumbani." Arlene ni mkewe.

"Na mimi nimekwambia nalitaka?"

"Wewe mjane. Una nafasi."

Nafasi! Nilimwachia meza kwa heshima ya marehemu mume wangu, Merle, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa kaka yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikulinyamazia. Katika kambi yetu ya uwindaji, anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati pale pale, nalo huandikwa jina lake na kupigiliwa misumari ukutani. Ukuta umejaa vitambaa kama kamba ya kuanikia nguo. Wamo kina Moyer, yumo daktari wa meno, yumo hata mchungaji. Kistler hayumo. Tangu babu yake Merle, hajawahi kuwamo.

"Elwood," nikamwambia, "usije ukatutia ukutani."

"Mimi? Nikikosa, wanikate kichwa!"

"Wanataka kitu cha maana cha kutundika."

Akaanza kusugua. Alisugua asubuhi, alisugua jioni, alisugua huku akila mkate wangu. Shingo ya kitako ikazidi kuwa nyembamba, mpaka ikawa kama mpini wa mwiko.

"Haijatosha?" nikauliza.

"Shemeji, huu ni ustadi. Huwezi kuelewa."

Kisha ikaja zamu ya mtutu. Mababu hawakupenda chuma king'ae msituni, kwa hiyo waliutia kutu ya kahawia kwa makusudi. Elwood akautundika bafuni kwangu, akafungulia maji ya moto, akafunga mlango. Bafu langu likawa la mtutu! Ulioga kuliko mtoto wa mfalme, nami nikawa nabeba taulo kwenda kuoga kwa jirani, mimi, mwalimu mstaafu wa nusu ya bonde hili!

Kutu ilitoka vizuri, sikatai. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila kosa, na ni kazi ambayo chuma hujifanyia chenyewe kikiachwa nje.

Mwisho akachukua patasi ndogo, akachora juu ya mtutu: KISTLER.

"Andika Elwood," nikasema.

"Fundi huandika jina la ukoo."

Asubuhi ya kuwinda, nilikwenda kuoga kwa jirani kama kawaida. Niliporudi, mtutu haukuwapo, Elwood hakuwapo, na kabati la Merle lilikuwa wazi.

Yaliyotokea msituni nilisimuliwa na Clayton Moyer, mwenyekiti wa kambi, aliyekuwa bega kwa bega na Elwood. Ilimbidi asimame mara kwa mara ili acheke vizuri.

Kulungu alitokea kwenye theluji, dume zito, akasimama akitafuna vichipukizi kama mbuzi wa nyumbani. Elwood akamimina baruti kwa madaha ya askofu. Akatia risasi, akaisukuma chini kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia. Akalenga. Akafyatua. Kishindo!

Mdeki alikuwa ameusahau ndani ya mtutu.

Ukaruka kama mkuki, ukapita juu ya pembe za kulungu, ukajikita katika msonobari, ukabaki ukitetemeka. Kulungu akautazama mdeki. Akamtazama Elwood. Akaendelea kutafuna! Na ile shingo ya kitako, iliyosuguliwa kwa ustadi nisioweza kuelewa, ikavunjika. Fundi mkuu akabaki na mtutu mkono huu na kitako mkono ule.

"Nimempata!" akapiga kelele.

"Nani?" Clayton akauliza. "Mti?"

Wakamgeuza, wakamkata pindo.

Jumamosi ikawa karamu ya kambi, na sisi wajane hualikwa. Niliingia na bakuli langu la supu ya kuku na mahindi. Nikatazama ukutani.

Kitambaa kipya. Sufu nyekundu, miraba myeusi. Hakuna aliyehangaika kuandika jina, kwa sababu jina lilikuwamo tayari, nililishona mwenyewe kwa uzi mweupe, maana mashati ya kambini yote yanafanana: MERLE KISTLER.

Nililitua bakuli polepole.

"Elwood," nikasema, "kaka yako amemkosa kulungu lini? Mbona mimi nilimzika?"

"Shemeji, nililiazima shati lake kwa ajili ya bahati..."

"Na walipokata, hukuona jina?"

"Niliona. Nikasema, si sote ni Kistler?"

"Simama."

"Shemeji, hili shati ni la kanisani! Arlene amelipiga pasi leo!"

"Geuka."

Mkasi wangu wa kushonea hukaa mkobani. Kitambaa cheupe kikatoka kirefu, kilichonyooka. Nikaling'oa pindo la Merle ukutani, nikalikunja, nikalitia mkobani. Kwenye misumari ile ile nikalibana la Elwood.

"Na kesho," nikamwambia, "uje kwangu na mtutu wako. Lile jina utalifuta kwa msasa. Ninavyokujua, hutachoka."

Clayton alikwisha shika kalamu. "Mama Kistler, tuandikeje?"

"Andika Elwood. Basi."

"Lakini kambini tuna Elwood wawili. Watu watajuaje ni yupi?"

"Andika 'Elwood, fundi mkuu wa bunduki.'"