Bi Mayasa Hayupo Bwejuu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Bi Salhiya, mkuu wetu wa mafunzo ya mtandaoni, ametuita mimi na karani mwenzangu Fayaz. Nilipanda ngazi nikisoma dua. Nafasi ya kudumu ni moja tu. Mwisho wa wiki ijayo atatazama makundi yetu ya WhatsApp, na karani ambaye wanafunzi wake wanasaidiana zaidi ndiye atakayebaki. Mwengine atarudisha kitambulisho.

Fayaz alitabasamu. Kundi lake la kompyuta lina kelele kama soko la Darajani mkesha wa Idi. Langu ni la kutengeneza sabuni ya mwani: wanafunzi thelathini na wawili, wengi akina mama wa Jambiani. Wiki nzima zimepita jumbe kumi na moja. Kumi ni zangu. Niliuliza kama kuna mwenye swali, Bi Kidawa akajibu: Naam. Nikangoja mpaka magharibi. Hakuongeza neno.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata! Wanaona haya. Kila mmoja anangoja mwenziwe aanze kuonekana mjinga. Basi nitawapa mjinga.

Nimesajili laini ya pili. Jina: Bi Mayasa, mkulima wa mwani, Bwejuu. Picha: waridi. Bwejuu sijawahi kufika, mimi mtu wa mjini, Vuga, lakini nadhani na watu wa Jambiani hawafiki.

Saa nne Bi Mayasa akauliza kwa nini sabuni yake haigandi. Majibu kumi na mawili kabla ya adhuhuri! Bi Kidawa peke yake katuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, jogoo akiwika nyuma. Nimeusikiliza mara mbili. Kumbe ni mafuta kuzidi.

Alhamisi, 8 Mei
Kundi linawaka. Borafya kapiga picha ya sufuria yake, mwengine kamsahihisha, wa tatu kamtetea. Bi Mayasa wanamwita shoga. Mimi hawajawahi kuniita chochote.

Fayaz kauliza kwa nini droo yangu, nilimoficha simu ya Bi Mayasa, inatetemeka. Nikamwambia ni panya. Akataka kuifungua amtoe. Nikaikalia.

Ijumaa, 9 Mei
Mambo magumu. Wanataka kusikia sauti ya Bi Mayasa. Nilijaribu chooni. Nilitoa sauti ya mbuzi aliyeudhiwa, na mtu aliyekuwa nje akauliza kama niko salama.

Nikaandika kwamba Bi Mayasa ana homa na sauti imemkauka. Jambo safi, halina mashaka. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, 10 Mei
Mpumbavu mimi! Nimelelewa Unguja, na nimesahau kwamba mgonjwa hutazamwa. Kesho baada ya alasiri wanakwenda tisa. Wameshagawana: huyu uji, huyu machungwa, huyu mafuta ya kumkanda. Nimetazama ramani. Kutoka Jambiani hadi Bwejuu si hata nusu saa.

Nilifikiria kumfisha kabisa. Kisha nikakumbuka matanga. Hapo wangekuja wote thelathini na wawili, na waume zao.

Jumapili, 11 Mei
Wamekwenda. Wamebisha hodi nyumba kwa nyumba. Dada yake Bi Kidawa kaolewa hukohuko, anaijua kila familia. Mayasa wamempata mmoja, ana miaka sita, hana homa. Kala machungwa yote.

Nikaandika haraka kwamba Bi Mayasa kahamishiwa kwa mpwa wake huko Kidichi. Borafya akajibu kwamba kaka yake analima huko, atapita kumtazama asubuhi.

Kisha simu yangu halisi ikalia. Bi Kidawa.

Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Mudrik mwanangu, mgonjwa wetu hayupo hai wala hajafa. Wewe ndiye karani. Unaye, au huna?"

Nikamwambia nitatazama kwenye daftari.

"Tazama. Nnakuja kesho."

Jumatatu, 12 Mei
Alikuja kweli, na beseni la sabuni kichwani. Nzuri, za kijani, ngumu kama jiwe. Alinivuta kwenye ngazi, mbali na Fayaz, akakaa, akajipepea kwa ukaya wake wa kichwani.

"Mkulima gani wa mwani anayeandika 'rejea ujumbe wangu wa awali'? Mie nshajua tangu Jumatano."

Nikauliza kwa nini basi alikwenda Bwejuu na uji.

"Wenzangu walishaanza kutoka. Na kama kweli yupo, anaumwa, hatukwenda? Ningelala vipi?"

Akasema njiani wale tisa walikubaliana kukutana kila Jumapili wachemshe sabuni pamoja, na asiye na bando asome kwenye simu ya mwenziwe. Wameshafungua kundi lao. Nikaomba kuingizwa. Akasema ni la wanafunzi.

"Mwambie mkubwa wako mwenyewe, kwa mdomo wako. Usiponena mpaka Alhamisi, ntanena mie."

Alhamisi, 15 Mei
Niliingia kwa Bi Salhiya. Kabla sijafungua mdomo akasema Bi Mayasa apewe cheti cha mwanafunzi mwenye ushirikiano bora. Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini. Nikasema hana mikono ya kukipokelea. Kisha nikasema yote, mpaka ile sauti ya mbuzi.

Alivua miwani. Akasema nafasi ni ya Fayaz. Lakini kumbe kile cheti kilikuwa mtego, Bi Kidawa alishampigia kuniombea: kijana ni muongo, ila watu wamekutana kwa sababu yake. Basi nimepewa miezi mitatu na kundi jipya, la wakulima wa viungo wa Kidichi. Uongo mmoja tu, na kitambulisho kitarudi. Nimeapa.

Jumatatu, 19 Mei
Kundi jipya. Watu ishirini na saba. Kimya kabisa. Nimeuliza kama kuna mwenye swali. Hata naam sikuipata.

Nimekaa nikafikiri kwa makini wapi nilikosea. Ni mambo mawili. Kwanza, Bwejuu ni karibu. Pili, ugonjwa. Hakuna kilichoniponza kama ule ugonjwa.

Kwa hiyo Mzee Msabah ni mkaazi wa Tumbatu, kuna bahari katikati, na ni mzima wa afya. Leo kauliza kuhusu pilipili manga. Majibu tisa! Tayari wanataka kusikia sauti yake, lakini safari hii nimejipanga. Nimewaambia hana nafasi hata kidogo, Jumamosi anamuoza binti yake.