Utepe wa Mteremko

Mteremko alikuwa na pua ya kunusa hofu za watu. Asubuhi moja aliona wanawake saba wakipita kwa miguu, jasho likiwatiririka, wakiongozwa na fundi cherehani. Wote walikuwa wamepungua mwaka huo. Akajiambia: mnene huota kupungua, lakini aliyepungua hapati hata usingizi, anaogopa unene utarudi. Riziki yangu iko hapo.

Wiki hiyohiyo akaja mtaani na katoni za chupa. Ndani mlikuwa na maji ya bomba na tone la rangi ya kijani. Yeye aliyaita Dawa ya Kulinda.

"Dada zangu, mtatembea mpaka lini? Mpaka kaburini? Kijiko kimoja asubuhi, kisha kula utakacho, lala utakavyo. Kiuno hakirudi!"

Kila Jumamosi aliwapima kwa utepe wake mwenyewe, na hakuna kiuno kilichoongezeka. Mama Pacha alikunywa soda wiki nzima, utepe ukamwambia amepungua tena.

Kundi likafa. Fundi akabaki peke yake barabarani alfajiri, na mbwa wa kiwanda kilichoko njiani wakalijua hilo. Siku ya tatu walimrudisha nyumbani mbio. Naye hangeweza kuacha kutembea. Zamani, kwa uzito, magoti yake yalikataa kukanyaga cherehani, na wanawe wawili walikula kwa cherehani hiyo.

Jumamosi naye akaenda kupimwa.

"Thelathini na nne!" akatangaza Mteremko.

Fundi alikijua kiuno chake kama majina ya wanawe: thelathini na saba. Akauwekea utepe kidole gumba. Kwa miaka kumi upana wa kidole hicho ulikuwa inchi moja kamili. Leo hakikuijaza; inchi za utepe huu zilikuwa ndefu mno.

"Ahsante, kaka," akasema. Angemwambia nani? Nani atakubali kuitwa mnene na jirani, wakati utepe umemsifu?

Jumanne Mteremko akamfuata kibandani. "Fundi, Jumamosi saa nne namwona mkuu wa kiwanda. Anawataka wafanyakazi wake wote wanywe dawa. Nishonee suti ya heshima."

"Utepe wangu umefukiwa na vitambaa, kaka. Hebu nipe wako."

Mteremko akautoa mfukoni huku akiendelea kusifu dawa, ambayo alidai yeye mwenyewe huinywa kila asubuhi. Uongo ukizoeleka huwa kama miwani: mwenyewe husahau kwamba ameuvaa. Fundi akapima, na Mama Pacha, aliyekuja kufuata blauzi, akaandika namba.

Suti ikaahidiwa Alhamisi. Kwa hiyo, kama ilivyo kwa mafundi wote duniani, ikawa tayari Jumamosi, saa nne kasorobo. Wanawake walikuwa wamejipanga nje ya kibanda wakimsubiri Mteremko awapime. Mteremko akaingia nyuma ya pazia. Halafu kukasikika kuhema.

"Fundi! Umekosea vipimo! Suruali haifungi!"

"Haiwezekani. Nilikupima kwa utepe wako. Mama Pacha ni shahidi."

"Niliandika mwenyewe," akasema Mama Pacha.

"Sasa, kaka, nieleweshe," fundi akasema taratibu. "Utepe wako unadanganya, au umenenepa kwa siku nne huku unakunywa dawa?"

Nyuma ya pazia, Mteremko alipima majibu yote mawili. Yote yalibana.

"Nadhani… nimenenepa kidogo," akasema.

"Na dawa je?" Mama Pacha akadakia. Kisha akautwaa utepe wa fundi uliokuwa mezani, akajizungushia kiunoni. Akasoma namba. Akaisoma tena. Akavua kiatu kimoja.

Mteremko akatoka kwa dirisha, na suruali ikapasuka kutoka mbele hadi nyuma bila kuomba radhi. Walimfukuza hadi barabara kuu, kisha hadi darajani, na mbwa wa kiwandani, walipoona wanawake saba na viatu mkononi, wakajifanya wamelala.

Walirudi wakihema, wameshika viuno.

"Ni mbali kule," akasema Mama Pacha.

"Mbali kuliko tulikokuwa tunafika," fundi akajibu. "Kesho saa kumi na mbili alfajiri. Na chupa zile mzimwage, mzisuuze, mje nazo. Njiani kiu inauma."