Jina Nililowaazima Watoto Kumi na Mmoja

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Naanza daftari hili leo, na naapa kuandika kila kitu, hata yale yatakayonitia aibu. Hadi sasa hayapo.

Shangazi Hilaria amerudi kutoka mafunzoni mjini. Miaka kumi na tisa amekuwa mhudumu wa afya wa kijiji chetu, akipima watoto na kuandika uzito wao daftarini. Sasa wamempa kishikwambi. Anakibeba mgongoni kwa shuka, kama mtoto. Ijumaa Nesi Edilberto atapanda mlima kuja kumtahini. Akishindwa, kishikwambi na mkoba wa dawa vitahamia kwa Mama Fortunata, ambaye ameshatangaza sokoni kwamba Hilaria anagusa kioo kama anayeonja supu ya moto.

Nimejitolea kusaidia. Mimi ni wa kwanza darasani kwa hesabu, na nataka kuwa nesi. Shangazi alisema sawa, ila nisimzidishie maneno.

Jumanne, tarehe 5

Shangazi alitundika mizani kwenye boriti. Yeye anapima, mimi naandika. Mtoto wa kwanza, kilo sita. Kishikwambi kikataka jina.

Hana jina. Hakuna mwenye jina kati yao. Huku kwetu mtoto haitwi jina mpaka msimamizi aliyechaguliwa na wazazi wake amkate nywele za kwanza. Upepo wa mlimani ukilisikia mapema, utamwita aufuate. Kila mtu anajua hili. Kishikwambi hakijui.

Niliandika "mtoto". Kikakataa. Niliacha wazi. Kikakataa. Kubuni jina ni hatari, upepo una masikio. Hapo nikapata wazo, na nakiri nililifurahia. Linatakiwa jina ambalo tayari lina mwenyewe. Nikaandika langu: Nélida.

Kwa mtoto wa pili kikaniuliza: Nélida yupo tayari, je, ni yule yule? Jina ni lile lile. Mimi ndiye mwenye jina. Nikabonyeza ndiyo. Mara kumi.

Jumatano, tarehe 6

Nilipanda hadi kwenye msalaba uliosimikwa kileleni, ambako mtandao hushika, nikatuma watoto wote kumi na mmoja. Kishikwambi kikanionyesha mmoja. Nadhani kinafupisha, kama Mwalimu anavyotufundisha kufupisha habari.

Kisha kikalia, na kioo kizima kikawa chekundu. Nilitafakari sana. Mwezi huu lama wote wa kijiji, wanyama wetu wa sufu na mizigo, wamevishwa nyuzi nyekundu masikioni kwa sherehe. Wekundu ni heri. Nikamwambia Shangazi tumepongezwa. Akaniuliza nina hakika. Nikasema kabisa.

Alhamisi, tarehe 7

Nesi Edilberto alifika leo, siku moja kabla, kwa pikipiki, na mtungi wa oksijeni mgongoni. Hakusalimia. Aliuliza mtoto Nélida yuko wapi.

Kijiji kizima kikaninyooshea kidole.

Alinitazama. Alitazama karatasi yake. Akasema inaonyesha kwamba juzi asubuhi Nélida alikuwa na kilo tisa, na robo saa baadaye alikuwa na nne. Akaniuliza ninajisikiaje. Nikamwambia vizuri, asante. Akauliza nina kilo ngapi sasa. Thelathini na nane. Akakaa chini juu ya jiwe.

Mama Fortunata alikuwa ameshafika, aproni safi, mikono tayari kupokea. Alisema pole pole, ili wote wasikie, "Masikini Hilaria. Mashine imemkataa."

Nikaeleza kila kitu. Nilidhani nitalia, ila nilipata kwikwi tu. Shangazi hakunitazama. Alimgeukia Nesi na kumtajia watoto wote kumi na mmoja kwa mama zao, uzito wa mwezi huu na wa mwezi uliopita, bila daftari. Nesi akasema, basi andika hivyo hivyo, "mtoto wa fulani", kwa jina la mama. Shangazi akajibu kwamba anajua, walifundishwa siku ya kwanza.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Hukuniuliza, binti yangu. Ulikuwa una hakika."

Akawaandika upya mwenyewe, kwa kidole kimoja, hadi saa kumi jioni. Nesi hakumfaulisha wala hakumfelisha. Kishikwambi kinabaki kwake hadi mwisho wa mwezi. Kikilia tena kwa kosa letu, kinakwenda kwa Mama Fortunata. Aproni imerudi nyumbani, lakini haijavuliwa.

Jumapili, tarehe 10

Shangazi yuko malishoni na lama hadi Jumanne. Alisema nisikiguse kishikwambi. Lakini Mama Saturnina ameteremka leo kutoka juu na wanawe, pacha, miezi mitatu, na Shangazi angefurahi kukuta kazi imekwisha. Sasa najua njia. Ni jina la mama.

Nimenakili hapa barua niliyompa dereva wa lori la maziwa:

Mheshimiwa Nesi Edilberto, nimefuata maelekezo yako. Niliandika "mtoto wa Saturnina", kilo tano. Niliandika tena "mtoto wa Saturnina", kilo nne na nusu. Kishikwambi kikauliza kama ni yule yule. Wanafanana kabisa, na mama ni mmoja, kwa hiyo nikabonyeza ndiyo. Kioo ni chekundu tangu saa tano. Je, kukizika shimoni pamoja na viazi hadi mwisho wa mwezi kutakiharibu? Tafadhali nijibu kwa dereva huyu huyu akirudi, kwa sababu shimo nimeshalifukia.