Mikono ya Kinyozi na Daftari la Msumarini

Jumatatu, 3 Machi

Mikono inawasha. Miaka mitatu sasa! Vidole vimepasuka, viganja vyekundu. Leo mteja kanishika mkono katikati ya kunyoa, akauliza kwa upole kama ugonjwa huu unaambukiza. Nikamwambia ni baridi tu. Nje jua linawaka. Akahamia kiti cha pili.

Kiti cha pili ni cha kinyozi mwenzangu, Mkasi wa Dhahabu. Jina hilo kajipa mwenyewe. Alivyomkung'utia mteja wangu kitambaa, utadhani anampokea bwana harusi!

Kisha Bosi, mwenye saluni, akaniita pembeni. Mikono ikiwa bado hivi mwisho wa mwezi, kiti cha dirishani anapewa Mkasi. Kiti changu! Miaka tisa nimesimama nyuma ya kile kiti. Mtu akipita barabarani ananiona mimi kwanza.

Marhamu ya hospitali inatuliza wiki moja, kisha yale yale. Mke wangu anasema kuna tabibu wa tiba asilia nyuma ya duka la vifaa vya shule. Nimekubali shingo upande.

Jioni nimechanganya mafuta yangu ili nitulie. Mafuta ya nywele, naita Simba Dume, siri yangu mwenyewe: mdalasini, karafuu, ndimu, na kitu cha nne ambacho sikiandiki hata humu. Nachanganya kwa mikono mitupu. Kijiko hakina hisia. Yakianza kuchoma viganja, najua yamekolea.

Jumanne, 4 Machi

Tabibu! Sijawahi kuona mtu wa namna hii. Mama wa makamo, miwani ya kamba shingoni, kitanda cha shuka nyeupe, mizani, chupa za majani makavu zilizoandikwa kwa mwandiko safi utadhani zimechapwa. Dawa hakunipa. Alinipa maswali, saa nzima na robo! Nalala saa ngapi. Choo kikoje, rangi gani. Mama yangu aliwahi kuwa na pumu? Alikuwa nayo! Huyu mama kajuaje? Kisha akashika viganja vyangu, akavinusa. Akavinusa kweli, akaandika kitu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo. Nusura nilie.

Maagizo: siku kumi na mbili bila maziwa, ngano, mayai wala sukari. Baadaye kitarudi kimoja kimoja huku tukitazama. Kila siku niandike daftarini nimekula nini, nimeshika nini, mwili umesemaje. Akataka pia orodha ya kila kitu kinachogusa mikono yangu. Sabuni, poda, spiriti, povu la kunyolea. Mafuta sikuyataja. Siri ya biashara! Mwanamke mwenye chupa zote zile akijua mchanganyiko wangu, kesho nitamkuta anauza. Akanitazama juu ya miwani, akauliza kama ni hayo tu. Nikajikausha. Hayo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kasema hapiki vyungu viwili, kwa hiyo naye anafuata masharti. Kafungua daftari lake, kalitundika kwenye msumari karibu na jiko, kalamu kaifunga kwa uzi. Nikacheka. Nikamuuliza anaandika nini na yeye haumwi. Aliendelea kukata mboga.

Mimi nilijitahidi mpaka saa nne asubuhi. Mkasi kaleta mkate mzima wenye siagi, kala akinitazama usoni. Makusudi! Alipotoka kwenda kuchukua maji, nusu ya mkate nikaingia nayo stoo. Daftarini nimeandika: mboga, maji. Si uongo. Mboga nilikula pia.

Jumapili, 9 Machi

Nimechanganya Simba Dume vipimo viwili. Chupa moja ni zawadi ya Tabibu nikishapona, anastahili. Viganja vimewaka moto jioni nzima. Ule mkate umenikomoa.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu ameamka akiimba. Nimemuuliza kuna nini. Hakuna kitu. Mkasi kapita nyumbani kuazima wembe, akamwambia shemeji amependeza, uso una nuru. Nuru ya nani? Yeye ajishughulishe na vichwa vya wateja.

Mikono taabu tupu. Nimechanganya mafuta tena ili nipoze hasira. Nikajikuna mpaka nikamwaga chai. Isiyo na maziwa, naomba itambulike.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeumbuka. Sijui niandikie wapi ila hapa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi kwa Tabibu. Saa tano nafungua daftari langu: kurasa mbili tu, zote mboga, maji. Mke wangu hayupo. Daftari lake lipo pale msumarini, limejaa, mistari imenyooka. Akili ikafanya kazi! Tumekula chungu kimoja, matokeo si yale yale? Nikanakili yote, nimesimama, jasho linanitoka. Sikusoma. Nani anasoma anaponakili?

Tabibu alisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa. Akasema kichwa changu kimepata nafuu kubwa. Nikamshukuru. Akasema mara ya kwanza sikumwambia kichwa kinauma. Nikasema mimi si mtu wa kulalamika. Akafungua ukurasa mwingine. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akasoma kwa sauti ile ile tulivu kwamba siku ya Ijumaa hedhi yangu imeanza, na kiuno kinauma kidogo kuliko mwezi uliopita. Akaniuliza imenianza lini.

Uso nitauweka wapi! Nilitazama chupa za majani, zote zikanitazama mimi. Na yule mama hakucheka. Mabega yalitikisika kidogo, basi. Akaniomba nimletee mwenye maneno haya, pamoja na daftari lenyewe.

Nimemweleza mke wangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 18 Machi

Tumekwenda wawili. Tabibu alikaa naye saa moja na nusu. Dakika kumi na tano zaidi yangu! Nilikuwa nimeshaanza kununa, ndipo nikasikia. Kichwa kimemuuma karibu kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Tumeoana miaka kumi na miwili! Nikasema kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mwaka ule wa kwanza, nikamjibu ni mto. Nikakumbuka. Nilimnunulia mto mpya, nikajipongeza.

Nimeona aibu, na aibu hii si ya jana. Miaka yote hiyo nalala kando ya kichwa kinachouma, na mimi naongea habari za mikono yangu.

Tabibu akampima presha, akamwambia aendelee kula asubuhi kabla ya kazi na kunywa maji ya kutosha kama alivyoandika. Kisha akamwandikia barua aende hospitali akapimwe macho, kwa sababu majani hayapimi macho. Kasema mwenyewe, mbele ya chupa zake! Mtu anayejua mwisho wa kazi yake, huyo ni fundi.

Halafu akageuza kurasa za nyuma za daftari. Humo nimo mimi! Mwandiko wa mke wangu: Jumapili kachanganya mafuta, jioni kajikuna. Jumatatu nafuu kidogo. Jumatano kachanganya mafuta, kajikuna, kamwaga chai. Tabibu akaitikia kwa kichwa. Alisikia harufu ya mdalasini na karafuu mikononi mwangu tangu siku ya kwanza, akawa anasubiri niseme. Mke wangu akatoa chupa ya zawadi mkobani; Tabibu akanitia tone la Simba Dume upande wa ndani wa kiwiko, akabandika plasta. Nisiitoe siku mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Plasta imetolewa. Duara jekundu, limevimba, linawasha mpaka moyoni. Wale wanawake wawili wakalitazama kwa furaha, kama watu waliookota ufunguo uliopotea. Hukumu: chakula chote kirudi, mafuta yakome. Kanipa marhamu ya nta ya nyuki, haina harufu yoyote. Nimekula mkate mbele yake, na mayai mawili.

Chupa ya zawadi nimerudi nayo nyumbani.

Jumatatu, 31 Machi

Bosi kakagua mikono, mbele na nyuma, hadi katikati ya vidole. Laini! Kiti cha dirishani ni changu. Mkasi kanipa mkono wa hongera, akaushika muda mrefu mno, anatafuta kasoro. Hakupata.

Mke wangu ana miwani sasa. Anaimba kila asubuhi, kichwa kimetulia. Tabibu kamwomba awe anakwenda Jumamosi kuwafundisha wagonjwa wengine namna ya kuandika daftari. Kila mteja aliyekaa kitini leo nimemweleza, anyolewe ndevu au kichwa, lazima asikie. Najivunia hawa wanawake wawili. Mmoja ananusa, mwingine anaandika, na kati yao ugonjwa hauna pa kujificha.

Ila jambo moja limenijia. Tabibu alipima mchanganyiko wa zamani. Mpya hajaupima! Nimeondoa karafuu, nimezidisha mdalasini. Simba Dume wa Pili. Jioni hii nimeuchanganya kidogo tu, tena si kwa mkono. Kidole kimoja, kuhakiki kama umekolea.

Kidole kinawasha. Mke wangu katoa daftari msumarini, anatazama kidole, anatazama sufuria, kashika kalamu. Nimemwambia aandike mayai.