Kuomba Kuongezewa Akili Kabla ya Jumatatu

Ndugu Mkurugenzi wa Utumishi,

Kwanza naomba radhi kwa mhuri ulioko juu ya karatasi hii. Kwa kawaida barua huandikwa, kisha hugongwa mhuri wa kupokelewa. Hii nimeigonga ikiwa bado tupu. Mimi ni karani wa masjala, mhuri huo nautunza mwenyewe, na ninajijua: nikipewa nafasi ya kufikiri mara ya pili, nafikiri mpaka mara ya tisa, kisha nachana. Utaratibu wetu unasema karatasi ikishagongwa mhuri haichanwi wala hairudishwi kwa mwenyewe, inaongezewa tu. Kwa hiyo nimejifungia mlango wa kukimbilia, na mwandiko huu ni wangu halali.

Nakuandikia kuhusu mtihani wa akili tuliopewa watumishi wote wa ghorofa ya chini. Matokeo yametoka. Kati ya alama arobaini, mimi nimepata kumi na moja. Mwisho wa tangazo pameandikwa kwamba waliopata chini ya ishirini "watapangiwa majukumu mengine kuanzia Jumatatu." Ndugu Mkurugenzi, mtu wa mwisho kupangiwa majukumu mengine katika ofisi hii alikuwa mtunza ghala. Tangu siku hiyo tulichobaki nacho ni mwavuli wake, umening'inia nyuma ya mlango, na hakuna mwenye moyo wa kuugusa hata mvua ikinyesha.

Sitaki kubaki mwavuli. Dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake, alinisomesha kwa cherehani yake tangu tulipobaki wawili. Kazi hii ndiyo jibu lake kwa majirani waliomwambia anapoteza uzi. Kwa heshima zote, basi, naomba unisikilize.

1. Kuhusu kauli ya mtaalamu. Siku ya mtihani tulikusanywa kwenye chumba cha mikutano. Mtaalamu akaingia na saa yake shingoni, akatabasamu, akasema, "Jamani, msiogope. Hapa hakuna jibu la kweli wala la kosa. Tunataka tu kujua mnavyofikiri." Nilimwamini, nikafikiri. Karatasi yangu imerudi na mikwaju ishirini na tisa ya wino mwekundu. Kama hakuna jibu la kosa, mikwaju hiyo imetoka wapi? Naomba aulizwe achague kimoja, kauli yake au wino wake.

2. Kuhusu penseli. Kila mtu alipewa mbili, bila maelekezo. Robo ya muda wangu iliishia hapo.

3. Kuhusu maswali yenyewe. Moja liliulizwa hivi: mafundi watano wanajenga ukuta kwa siku kumi; mafundi kumi watatumia siku ngapi? Niliandika ishirini. Sikubahatisha. Ukuta wa choo cha nyuma ya ofisi yetu ulianzwa na mafundi wawili, ukafika kiunoni kwa wiki moja. Wakaongezwa wanne ili umalizike upesi. Mpaka leo uko kiunoni, mafundi sita wanabishana kivulini, na aliyeko ndani anaendelea kusalimiana na wapita njia.

Likaja swali la tangi. Bomba moja linalijaza kwa saa tatu, bomba jingine linalikausha kwa saa tano. Yote mawili yakiwa wazi, litajaa baada ya muda gani? Hesabu hiyo naijua. Niliifanya pembeni mwa karatasi, nikapata saa saba na nusu. Kisha nikajiuliza: mtu anaona maji yanamwagika, anakaa saa saba na nusu akiyahesabu, halafu huyo ndiye mwenye akili? Nikaifuta, nikaandika, "Lifungwe bomba la pili." Mkwaju.

Likafuata la kuchagua kisichofanana na vingine kati ya meza, kabati, karani na kiti. Nilichagua kiti. Katika masjala yetu meza ipo, kabati lipo, karani yupo. Kiti hakipo. Mtu yeyote anaweza kuja kuhakikisha, ila aje amejiandaa kusimama.

4. Kuhusu swali la moto. Hili ndilo lililoninyima usingizi, na naomba ulisome ukiwa umetulia. "Ofisi inaungua. Unaweza kuokoa kimoja tu: majalada, mashine mpya, au mwenzako aliyezimia. Utafanya nini?" Nilijibu kwamba ningeandika dokezo kwa Mkuu wa Masjala kuomba maelekezo. Mtaalamu ameniwekea sifuri, na pembeni ameandika, "Hana uwezo wa kuamua."

Ndugu Mkurugenzi, nilipoajiriwa nilikuwa nao. Wiki yangu ya kwanza nilifungua dirisha kwa sababu kulikuwa na joto. Mkuu wa Masjala akasimama mbele yangu, akaniuliza taratibu, "Kijana, nani amekuagiza?" Nikalifunga. Nilipohamisha jalada moja kutoka rafu ya chini, ambako panya walikuwa wamekwisha kula kurasa za mwanzo, niliandikiwa onyo kwa kuhamisha mali ya ofisi bila kibali, nikalirudisha kwa panya. Tangu hapo nimefundishika. Dirisha, panya, moto, vyote ninavisubirisha nje hadi maelekezo yafike. Ofisi imenifinyanga hivi kwa mikono yake yenyewe, kisha imeleta mgeni mwenye saa shingoni aje aishangae sura ya chungu. Na kwa siri nakuambia: nilipolisoma swali lile, mkono uliandika "mwenzangu" kabla yangu. Nikalifuta neno hilo. Nilikumbuka dirisha.

5. Kuhusu mahali pa kubandika matokeo. Yamebandikwa juu ya bomba la maji ya kunywa, ambako kila mwenye kiu lazima ainame chini ya jina langu. Sasa jina langu limekufa. Naitwa Kumi na Moja. Mpiga chapa ananiita kutoka upande wa pili wa ukumbi, "Kumi na Moja, niletee jalada, na usilifikirie sana!" Dereva, ambaye ni mtu mwema, alinishika bega akanifariji: "Usijali, mdogo wangu. Kumi na moja ni timu kamili ya mpira. Wewe umekosa refa tu." Nimejitahidi kufarijika.

Habari zikafika nyumbani kabla yangu. Dada alisimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani. Akasema, "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sasa wewe, mdogo wangu, nani kakunyoa?" Watoto wake walicheka mpaka wakaanguka mkekani. Yeye hakucheka. Akaendelea kushona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akishona mkono wa shati kwenye kola.

6. Kwa kuwa malalamiko bila ombi ni manung'uniko, naomba yafuatayo. Karatasi yangu isahihishwe upya na mtu aliyewahi kukaa, yaani kusimama, katika masjala. Ikishindikana, mtaalamu mwenyewe apimwe: apewe siku moja kulitafuta jalada la ukuta wa choo, ambalo mara ya mwisho lilionekana likiegemeza mlango ghorofa ya pili. Na ikiwa kweli akili ndiyo kipimo cha nani abaki na nani aondoke, basi haki haina ghorofa. Mtihani upande ngazi. Wakubwa wote wafanye, kuanzia Mkuu wa Masjala hadi wewe mwenyewe, kwa penseli mbili zile zile, na matokeo yabandikwe juu ya bomba lile lile. Nina imani mtafaulu. Nikikosea katika hili, Ndugu Mkurugenzi, nitakuwa nimekosea swali moja tu, wakati ofisi nzima itakuwa imepata jibu.

Nimesema niliyokuwa nayo moyoni, na sasa naogopa kuliko nilipoanza. Naomba salamu zangu zimfikie katibu muhtasi wako, wakubwa wote wa ghorofa ya juu, mafundi wa ukuta, na hata mtaalamu, ambaye simchukii. Nadhani naye alikuwa na maelekezo.

Wako anayesubiri amesimama,

Karani wa Masjala
(alama 11, kwa sasa)

Nyongeza: Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha Mkuu wa Masjala alipoingia, akanipa mkono. Hajawahi kunipa mkono. Akaniinamia sikioni, akasema, "Hongera, mwenzangu. Mimi mwaka wangu nilipata tisa." Kumbe majukumu mengine ni ukuu wa vitengo. Nilipomuuliza kwa nini wanapandishwa waliofeli, alinitazama kwa huruma. "Wewe nawe! Wenye akili wakipandishwa, kazi atafanya nani?" Mtunza ghala, ameniambia, yuko ghorofa ya juu siku zote hizi. Mwavuli hakuufuata kwa sababu siku hizi anashushwa na gari mlangoni. Kuhusu alama zako wewe sikuthubutu kuuliza.

Barua hii ingepaswa kuchanwa, lakini ina mhuri. Naruhusiwa kuongeza tu, basi naongeza. Mtaalamu ni mtu makini, na mikwaju yake yote ni halali. Akipata muda arudie kusahihisha, huenda ikapatikana mingine. Ombi la mtihani kupanda ngazi lisomwe kwa kuruka. Ile saa saba na nusu iliyofutwa pembeni, ambayo bado inasomeka mtu akiielekeza karatasi kwenye mwanga, nilimchungulia jirani. Kwenye swali la moto, naomba isionekane kwamba kuna kitu kilikuwa kimeandikwa kabla ya dokezo. Na dada yangu ameanza kunishonea suti nisimame nayo kwa heshima siku ya kufukuzwa. Ikikupendeza, tafadhali usimwachie aibu ya kushona bure.

Endapo mahali popote humu patakutwa hoja, naapa niliandikiwa. Kilicho changu ni mhuri tu, na huo niliugonga kabla ya kufikiri.